Waliohesabiwa Bila Kuitwa

Fungo Gasaidi alikuwa amekwisha kukubaliana na kufa. Kilichomnyima raha ni kufika.

Watu wa mama yake waliamini, na yeye aliamini pamoja nao, kwamba mtu akishafukiwa husimama mbele ya mlango mmoja usio na komeo wala kitasa, na mlango huo haufunguki mpaka atokee mtu wa kwao kwa baba, amshike mkono, aseme huyu ni wetu. Ndiyo maana mazishini mzee wa mji huchuchumaa ukingoni mwa kaburi akawaita wafu wa upande wa kuumeni, jina baada ya jina, baba na babu na baba wa babu, mpaka moyo wake umwambie kwamba waliokuja wanatosha. Asiyeitiwa mtu hubaki pale pale. Hafi akaisha, wala haishi akaendelea. Huwa kama neno lililomkwama kooni mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Na Fungo hakuwa na wa kuitiwa. Baba yake alikuwa Mwingereza, meneja wa shamba la mkonge, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kamba kwa ajili ya kitu alichopenda kukishika mkononi. Mama yake, Chausiku, alikuwa mpishi wa Bwana Kamba. Mtoto alipozaliwa na macho ya kijivu, mpishi alihamishwa jikoni akapelekwa kuanika nyuzi, na Bwana Kamba akaoa mwanamke wa kwao, akaishi, akafa, akazikwa na bendera. Alichomwachia Fungo ni macho yale, na jina ambalo karani wa shule aliliandika kwa kulisikia tu: Gasaidi.

"Sikujua," Fungo alimwita binti yake asubuhi moja, wakati akilishwa uji. "Nikifika pale, nitapokewa na nani?"

Sikujua aliweka kijiko bakulini. Jina lake alipewa na Chausiku, bibi yake, siku aliyozaliwa, na kila aliyemuuliza bibi huyo ni nini ambacho hakukijua alimkuta akiendelea kuchambua mchele.

"Tutawaita watu wa bibi, Baba. Wapo wengi."

"Hao watakuja kunililia. Hawawezi kunifungulia." Aligeuza uso ukutani. "Mwanangu, maisha yangu yote niliitwa mtoto asiye na kwao. Nilivumilia kwa sababu nilikuwa na kazi za kufanya. Pale sitakuwa na kazi."

Aliyekuwa akijua kuita alikuwa amebaki mmoja tu, Mzee Semvua, mdogo wake Chausiku, mkongwe aliyekwisha kuzika wenziwe wote. Sikujua alimfuata nyumbani kwake, akamwamkia, akamweleza shida.

"Marahaba, mjukuu wangu. Niletee majina, nitayaita," alisema Semvua. "Hata yawe ya Kizungu. Ulimi wangu mzee lakini bado unajikunja. Ila moja silitamki."

"Lipi, Babu?"

 Mzee aligeuka, akapandisha shati. Mgongo wake ulikuwa kama shamba lililolimwa na mlevi, mitaro ikipishana na mitaro. Alikuwa mvulana anayekata majani ya mkonge, na siku moja matita yake yalipungua. Sikujua alikuwa ameyasikia hayo tangu utotoni, lakini hakuwahi kuonyeshwa. Alitazama, kisha akatazama chini, na shati likateremshwa.

"Wa kabla yake nitawaita," alisema Semvua. "Pengine walikuwa watu."

*

Katikati ya mkonge uliogeuka pori lilisimama kanisa la mawe ambalo Waingereza walijijengea. Ibada zilikwisha zamani. Mama Perpetua, mwanamke mnene mwenye mafua yasiyopona, ndiye aliyeshika funguo na kufagia mavi ya popo. Sikujua alipoomba kuona daftari la ndoa, Mama Perpetua hakuuliza sababu. Alilifungua juu ya meza ya madhabahu kama mtu anayemfunua mgonjwa shuka.

Tahajia ilikuwa ya Kizungu, lakini jina lilisomeka lile lile: Amosi Gasaidi, kapera, meneja wa shamba. Na kwenye nafasi ya baba wa bwana harusi: Ayubu Gasaidi, marehemu, mfumaji.

"Mfumaji?" Sikujua alishangaa. "Si alikuwa akiwaambia watu kwamba kwao kuna jumba na farasi?"

"Kila avukaye bahari humwacha ng'ambo yule anayeweza kumsuta," alisema Mama Perpetua, akapenga kamasi. "Kama unamtaka huyo Ayubu, pita mlango wa nyuma ya madhabahu. Lakini jitande vizuri. Huko hakuna jua."

Sikujua alijitanda khanga ya pili, akasukuma mlango. Alitarajia mkonge na vumbi. Alikuta mtaa.

Ulikuwa mtaa wa nyumba za mawe meusi zilizobanana kama meno, ukipanda mlima mkali mpaka ukapotelea kwenye ukungu. Moshi ulitoka kila paa, ukashindwa kwenda juu, ukarudi kutambaa barabarani. Bila kuambiwa alijua kwamba ilikuwa Jumatatu asubuhi, na kwamba asubuhi ile haingesogea. Mtu alikuwa akimjia, mrefu, mkoba begani, kichupa cha wino kimening'inia shingoni kwa uzi. Midomo yake ilitamka Kiingereza, lakini maana ilimfikia Sikujua kabla ya sauti, kama katika ndoto ambamo hakuna anayehitaji mkalimani.

"Obadia, karani wa sensa," alijitambulisha. "Jana ulilala nyumba gani?"

"Sikulala nyumba yoyote ya hapa."

"Basi hupo." Alilisema bila ubaya, kama muuza duka anayemwambia mteja kwamba sukari imekwisha.

"Namtafuta Ayubu Gasaidi."

"Ayubu wa umri gani? Kila nyumba ya mtaa huu ni miaka kumi. Ukipanda mlima, watu wanarudi utotoni, halafu wanarudi tumboni, halafu unawakuta mama zao. Ukiteremka wanazeeka, na mwisho hawafungui mlango. Nifuate. Usiguse wino."

Walipanda. Sikujua alimtazama yule mtu akiingia kila nyumba bila hodi na kutoka akiwa na watu ndani ya mkoba, na swali lilimwingia taratibu kama baridi ile. Kwao mtu huitwa. Anaitwa akizaliwa, anaitwa akirudi safari, anaitwa akizikwa, na anayeitwa lazima ageuke, kwa sababu upande wa pili wa jina kuna mtu anayemsubiri. Huku mtu huhesabiwa. Anayehesabiwa hana haja ya kugeuka. Hata akiwa amelala, hata akiwa amekufa alfajiri ile, bado ni mmoja. Je, hesabu inamjua nani? Aliyefunga safari zote zile kuja kuwahesabu weusi wa mashambani, kichwa kwa kichwa, kodi kwa kodi, alijifunzia wapi? Alijifunzia hapa. Kwa mama yake. Kwa jirani yake. Kabla hajatuhesabu sisi, yeye mwenyewe alikuwa moja. Moja na moja na moja. Na ni nani basi aliyeshika kalamu ya kwanza?

"Mwanzo hakuna," alisema Obadia bila kugeuka, ingawa Sikujua hakuwa amefumbua mdomo. "Nilikuta mkoba ukiwa mzito tayari."

Alisukuma mlango. Chumba kilikuwa kimoja, chenye moto mdogo usiotosha kuchemsha chungu. Obadia akasoma kwa sauti ya kuchoka: "Ayubu Gasaidi, mkuu wa kaya, mfumaji. Hana, mke wake. Liza, binti, safu ya mwisho: punguani. Amosi, mwana, miaka kumi na miwili. Nusu siku kiwandani, nusu siku shuleni."

Kila aliyesomwa aliinua kichwa, kisha akakiinamisha. Ayubu alikuwa amekauka, akikohoa ndani ya kitambaa na kukikunja haraka asione alichokohoa. Hana alikuwa akishona bila kutazama sindano. Liza alikuwa chini ya meza, amekumbatia magoti, akiyumba. Aliposomwa punguani aliitikia naye, kwa adabu.

Na mvulana alikuwa amelala huku amekaa, kijiko mkononi, nyuzi za pamba zimemjaa nyweleni kama mvi.

Sikujua alisimama mbele yake. Alikuwa amekuja na maneno. Alikuwa ameyabeba tangu utotoni, maneno ya bibi yake aliyetolewa jikoni, ya baba yake aliyepigwa mawe kwa ajili ya macho yake, ya mgongo aliouona juzi. Mvulana alizinduka akamtazama kwa yale macho ya kijivu. Shingoni, juu ya kola, palikuwa na mchirizi mwekundu ulioanza kuvimba.

"Nani amekupiga?"

"Nyapara. Nilisinzia, mtambo ukakata uzi." Alisema kama anayeeleza hali ya hewa. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni mjukuu wako."

Mvulana alicheka kidogo. "Sina hata ndevu."

Sikujua hakutaka kuiona ile shingo. Alitaka kumkuta mtu mzima, mwenye buti, mwenye kamba, amchukie kwa nafasi. Aliyekuwa mbele yake alikuwa mtoto wa watu mwenye njaa. Sasa hasira ile aipeleke wapi? Ampe nyapara? Naye nyapara ana nyumba yake katika mtaa huu, juu zaidi, ambamo amelala na kijiko mkononi. Huruma ilimpanda bila ruhusa yake, na aliichukia kuliko alivyomchukia mtu yeyote.

"Baba yangu anakufa," alimwambia. "Akifukiwa, tutaita watu wa kwao. Nikikuita utakuja?"

Mvulana alifikiri. "Huko kuna joto?"

"Lipo."

"Kuna chakula?"

"Kipo. Kuna ndizi, kuna mahindi. Ardhi ni pana."

"Ya nani?"

"Ya kwetu."

Macho ya kijivu yalifunguka kabisa kwa mara ya kwanza. "Basi nitakuja," alisema Amosi. "Nitakuja kweli."

Hapo ndipo Sikujua alipoelewa alichokifanya.  Alimshika mabega, akamtikisa. "Hapana. Sikiliza. Usije. Usije ukiwa hai, umesikia? Usije mpaka..." Lakini mtoto alikuwa amekwisha kulala tena, akitabasamu, na hakuna aliyeweza kumwamsha, wala mama yake aliyeinua uso tu na kusema, "Mwache, mama. Hajaota ndoto nzuri siku nyingi."

Alitoka nje. Je, ni mimi? Mimi ndiye niliyemwita? Miaka sitini kabla sijazaliwa? Bibi yangu jikoni. Babu mgongoni. Mimi. Hapana, wangekuja tu; walikuja wengi ambao hawakuitwa na mtu. Wengi. Lakini huyu?

Obadia alikuwa amekwisha kutangulia, akipanda.

Juu kabisa, mahali mtaa unapokwisha, kanisa na nyumba ya maskini viliegemeana ukuta mmoja. Kwenye ngazi alikaa mwanamke aliyenyolewa, katika gauni la mstari lililotolewa kwa watu wote wa nyumba ile, akinyonyesha kichanga. Obadia aligeuza karatasi. "D.G.," alisoma, "na A.G., mtoto wa kunyonya."

"Ndiyo majina hayo?"

"Katika nyumba hii huandikwa herufi tu. Ni kuwastahi, wasifedheheke." Alipiga miayo. "Padri ana maelezo zaidi. Kwenye ubatizo ameandika: Ayubu, mwanaharamu wa Debora Gasaidi, maskini."

Sikujua alilisikia lile neno. Lilikuwa lile lile alilotupiwa baba yake njia nzima ya shule. Lilianzia hapa, likapanda meli, likamngoja bandarini.

Alichuchumaa mbele ya mwanamke. "Debora."

Mwanamke alishtuka, akageuka upesi, kama mtu aliyeguswa begani gizani. Machozi yalimlenga. "Umenitaja," alisema. "Tangu nimefika hapa hakuna aliyenitaja."

Nyuma yake, ukungu ulipopungua, Sikujua aliwaona wengine. Walijaa mlima mzima, wamesimama wima bila kusemezana, wanaume wa mashamba na wanawake wa mitambo na watoto wenye vumbi la makaa, wote wameelekea upande mmoja, kwenye mlango uliofungwa ambao hauna komeo wala kitasa.

"Hamjaingia?" aliuliza.

"Tuliandikwa," alisema Debora. "Tulidhani inatosha."

"Kwani kwenu hakuna mtu wa kuita?"

"Kwetu mtu hulipwa kuandika. Akimaliza, hufunga kitabu."

Sikujua alishika ngazi ya mawe, baridi ikamchoma kiganja. "Baba yangu akija, mtampokea?"

Debora alimtazama kichanga, kisha akamtazama yeye, kwa aibu ya mwenye nyumba anayejiwa na mgeni siku ambayo hakupika. "Nimpokee wapi, mwanangu? Sisi wenyewe tuko nje."

*

Alipofika nyumbani, Fungo alikuwa amekwisha kuacha uji na kubaki na maji. Alimfahamu binti yake kwa hatua zake.

"Umewaona?"

"Nimewaona, Baba."

Alikuwa amefikiria kumdanganya. Njia nzima alitunga jumba, na babu mwenye ndevu nyeupe anayesema mleteni kijana wetu. Lakini mzee yule alikuwa amedanganywa kwa kunyamaziwa maisha yake yote, na Sikujua hakuona kwamba uongo wa mwisho ungekuwa mtamu kuliko huo. Akamwambia. Akamtajia Debora, na Ayubu aliyekohoa, na Hana na sindano yake, na Liza chini ya meza. Akamwambia kuhusu mlima. Akamwambia kuhusu mtoto mwenye pamba nyweleni. Aliyoongea na mtoto yule hakumwambia.

"Wako nje, Baba. Wote. Wamesimama pale pale unapopaogopa."

 Kifua cha Fungo kilianza kutikisika, na Sikujua alidhani ni kikohozi, kumbe ni kicheko.

"Nilidhani wamenifungia," alisema. "Miaka yote hii, nilidhani wako ndani, wanakula, wamenifungia." Akapumua. "Kumbe watu masikini."

"Nisamehe, Baba. Sikupata wa kukupokea."

"Basi nitawapokea mimi. Mwambieni Mjomba awaite wasogee. Mimi nitawashika mkono, niseme hawa ni wetu. Kama ni neno tu linalofungua, kwa nini lisiwe langu?"

"Na Amosi?"

Macho ya kijivu hayakupepesa. "Naye."

"Babu hatakubali."

"Naye, Sikujua. Wale wengine nitawashika mkono. Huyo nataka nimtazame usoni kwanza."

Alikufa siku mbili baadaye, asubuhi, jua likiwa limechanua, jirani akitwanga.

Kaburini Semvua alichuchumaa mahali pake. Alianzia juu, kinyume cha desturi, kwa mbali kabisa, akashuka. "Debora!" aliita, na jina la Kizungu lilipita kinywani mwake likatoka limevaa kilemba. "Debora, mama wa Ayubu, sogea! Ayubu, mwana wa Debora, sogea! Hana, mke wa Ayubu, sogea!" Lilipofika la Liza alilivuta refu, kwa upole, kama anayemwita mtoto atoke mafichoni. Watu waliinamisha vichwa. Upepo ulipita kwenye mkonge.

Kisha akanyamaza.

Wote walijua jina lililobaki. Semvua alikuwa ameuma meno mpaka misuli ya taya ikasimama. Alimtazama Sikujua, na macho yake hayakuwa na amri. Yalikuwa yakimwomba.

Sikujua alisimama baina ya mzee aliye hai na baba aliye shimoni. Alimfikiria mtoto aliyelala akitabasamu. Lakini jina halina umri. Ukiliita, huwezi kusema namtaka wa miaka kumi na miwili, mwenye buti abaki. Atakayesikia ndiye atakayekuja. Na asiyeitwa atasimama pale milele, na baba yake atasimama naye, akisubiri kumtazama usoni.

"Amosi," alisema.  Kisha akapaza sauti. "Amosi Gasaidi! Baba wa Fungo! Sogea!"

Mwanamke mmoja alianza kulia, akaziba mdomo. Semvua aliinuka polepole, magoti yakilia. Udongo aliokuwa ameushika mkononi, wa kumtupia mpwa wake, hakuutupa kaburini. Aliurudisha kwenye lundo, akakung'uta viganja, akaanza kwenda. Sikujua alimkimbilia akamshika mkono.

"Babu, nisamehe. Baba ndiye aliyetaka."

Mzee alisimama. Hakuwa na hasira. Alikuwa akisikiliza kitu nyuma yake, shingo ameikaza, kama kijana mwenye tita pungufu anayesikia buti likija kwenye mistari ya mkonge.

"Mimi nikifa, mjukuu wangu," alisema kwa kunong'ona, "nizikeni kimya. Msinitaje jina. Huyo uliyemwita asije akajua nilipo."